Usukani Hauchagui Mume wala Mke

Mtu asimamaye ufukoni mwa Kilifi, au Tanga, au mbele ya Forodhani ya Unguja, hakosi siku moja kuona yoti ndogo yenye mlingoti mrefu na bendera ya nchi ya mbali imetia nanga mahali maji yalipotulia, na juu yake mume na mke wamekaa, huyu anashona tanga lililochanika, yule anaanika nguo. Naye mtazamaji, kwa kuwa jua ni kali na shughuli za nchi kavu hazimpi nafasi ya kutafakari, aghalabu huhukumu papo hapo kwamba hao ni matajiri wasio na kazi, waliokuja kuipoteza mali yao juu ya maji yetu. Hukumu hiyo ina haki kidogo na dhuluma nyingi. Haki yake ni kwamba wapo kweli watu wenye majumba yaeleayo, wenye mabaharia wa ijara na wapishi wa kuwaandalia meza. Dhuluma yake ni kwamba inawachanganya hao na watu wa namna nyingine kabisa, yaani wanandoa waishio katika chombo kidogo wanachokiendesha wenyewe, pasipo baharia wa tatu, wakifuata pwani kwa upepo wa Mwenyezi Mungu. Nataka kuwatetea hawa wa pili, si kwa faida yao, maana hawahitaji wakili, bali kwa ajili ya jambo moja ambalo maisha yao yanalithibitisha na ambalo sisi watu wa pwani tumeghafilika nalo: chombo cha watu wawili hakiko salama mpaka kila mmoja wao aweze kukirudisha bandarini peke yake.

Katika watu wa namna hiyo, mashuhuri zaidi ni Lin na Larry Pardey, mke mzaliwa wa Marekani na mume mzaliwa wa Kanada, ambao walikutana California mwaka 1965, wakashirikiana kuunda chombo chao wenyewe cha mbao, na mwaka 1968 wakakishusha majini kwa jina la Seraffyn. Urefu wake ulikuwa futi 24 na inchi 4, yaani haukupita sana mashua ya kawaida ya mvuvi wetu. Hakikuwa na injini. Taa zake zilikuwa za mafuta ya taa. Na upepo ulipokufa bandarini, walikisukuma kwa kasia refu. Kwa chombo hicho waliizunguka dunia, kisha wakaunda kingine, Taleisin, cha futi 29 na inchi 6, wakakishusha mwaka 1983, na kwa hicho wakaizunguka tena kwa njia ya kinyume. Mali yao ilikuwa ufundi: mume alikuwa seremala wa vyombo, akitengeneza vyombo vya watu katika bandari walizofikia, mke aliandika makala na vitabu, na mara nyingine wote wawili walichukua ijara ya kupeleka chombo cha mtu kutoka nchi moja hadi nyingine. Walipotindikiwa walitia nanga wakafanya kazi, na akiba ilipopatikana waling'oa nanga wakaenda zao. Larry alifariki mwaka 2020.

Wengi husifu maili za watu hawa, na mimi sina kijicho na sifa hiyo, lakini naona kwamba maili ni tunda tu, na mti wenyewe ni namna walivyogawana kazi. Maana maisha ya chombo si kukaa kitako kutazama machweo. Chombo ni mwajiri mkali asiyejua Ijumaa wala Jumapili: tanga lina mshono unaofumuka, kamba ina mahali inapolika, mbao zinataka rangi, na sehemu iliyo chini ya maji hushikwa na chaza na majani ya bahari mpaka ikwanguliwe, maji matamu hupimwa kwa kibaba, chakula huhesabiwa, na kila bandari ina maofisa wa forodha na uhamiaji wenye haki ya kuona karatasi zote zikiwa sawa. Wanandoa wanaoziweka kazi hizi katika mafungu mawili yasiyogusana, hili la mume daima na hili la mke daima, hupata nafuu siku za mwanzo, kwa sababu kila mmoja hufanya analolijua. Lakini siku mume anapoteguka mkono au kushikwa na homa ndipo hudhihirika kwamba nusu ya maarifa ya chombo imelala kitandani pamoja naye.

Tena mwenye kufuata pwani ana hatari nyingi kuliko mwenye kukata bahari kuu, ingawa mtu wa bara hudhani kinyume. Katika bahari kuu dhoruba ikija, chombo kina nafasi: huweza kupunguza tanga na kuachia mawimbi yapite. Karibu na nchi nafasi hiyo haipo, kwa kuwa kinachovunja chombo ni mwamba. Pwani yetu ni ushahidi mzuri. Mwamba unaandamana na ufuko kwa masafa marefu, na milango yake si mipana. Maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne katika sehemu za Mombasa na Unguja, hata mahali palipopitika asubuhi pakawa kavu mchana, na asiyehesabu maji hupwelewa. Mkondo nao huenda kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu, kwa hiyo mwenye tanga anayetaka kushuka kutoka Kilifi kwenda Tanga katika miezi hiyo hubisha dhidi ya upepo na maji kwa pamoja, na aliye na busara hungoja kaskazi. Mgeni anapotaka kuingia mlango asioujua, hungoja jua liwe juu na nyuma yake, ili rangi za maji zimwonyeshe kina na kipwa. Ndipo mmoja husimama omo, au hupanda mlingotini, akisoma maji, na mwingine hushika usukani akifuata ishara ya mkono wa mwenziwe. Hapo hapana mkubwa wala mdogo. Asomaye maji akikosea, chombo kimekwisha. Ashikaye usukani akichelewa, kimekwisha vilevile.

Eric na Susan Hiscock, Waingereza walioizunguka dunia kwa Wanderer III, chombo cha futi 30, kuanzia mwaka 1952 hadi 1955, na kisha tena kuanzia 1959 hadi 1962, ni mfano bora wa jambo hili. Eric ndiye aliyeandika vitabu ambavyo mabaharia wa matanga wa kizazi kizima walijifunzia kazi, na jina lake ndilo lililotangulia katika kila sifa; lakini Eric alikuwa mtu dhaifu wa macho. Msomaji mwenye insafu na ajiulize: mtu wa namna hiyo alipitaje katika visiwa vya miamba ya matumbawe, mara mbili kuizunguka dunia, kama mkewe angekuwa abiria? Ubaharia ule ulikuwa wa watu wawili, na asiyeyahesabu macho ya Susan hawezi kuueleza.

Ila hoja yangu kubwa imo katika usiku. Mchana wote wawili wako macho, na kosa la mmoja huweza kuonwa na mwingine. Lakini chombo kisafiricho usiku na mchana hakiwezi kuwaacha wote walale, kwa hiyo wanandoa hawa hugawana zamu, aghalabu saa tatu kwa saa tatu, mmoja juu akishika njia, akitazama taa za meli na mabadiliko ya upepo, na mwingine chini amelala. Aliye juu katika saa hizo ndiye nahodha, apende asipende, awe ameitwa hivyo au hakuitwa. Na aliyelala amemkabidhi roho yake. Mume awezaye kumkabidhi mkewe roho yake saa nane za usiku, kisha kulipokucha akasema kwamba mke hana haki ya kujua njia ya dira, huyo amejipinga mwenyewe.

Ya kuwa zamu si mchezo, walilijua mume na mke Miles na Beryl Smeeton. Mwezi wa Februari 1957, walipokuwa wakitoka Australia kwenda Rasi ya Horn katika chombo chao Tzu Hang, pamoja na rafiki yao John Guzzwell, wimbi kubwa mno lilikiinua tezi kikapinduka kwa kichwa, na wakati huo ni Beryl aliyekuwa peke yake juu katika zamu yake. Kamba iliyomfunga ilikatika, akatupwa baharini, akaogelea mpaka kwenye mabaki ya milingoti, akavutwa akapandishwa, na ingawa alikuwa ameumia, aliingia pamoja na wanaume wale wawili katika kazi ya kufua maji kwa ndoo. Milingoti yote miwili ilikuwa imekwenda. Waliziba tundu, wakaunda mlingoti wa dharura kwa mbao walizookoa, na kwa huo wakafika Chile. Mwezi wa Desemba mwaka uleule, mume na mke, sasa wawili tu, walijaribu tena, wakabiringishwa tena, wakairudia tena pwani ya Chile kwa tanga la dharura. Na Rasi ya Horn waliizunguka baadaye, mwaka 1968. Sisemi kwamba ujasiri wa namna hii ufuatwe na kila mtu. Nasema kwamba katika msiba wa kwanza chombo kilikuwa na mikono sita yenye maarifa, na wa pili mikono minne, na lau jozi moja katika hizo ingekuwa ya mtu wa kupika na kusali tu, sidhani kama tungewasikia wakisimulia.

Najua jawabu ambalo wazee watanipa, maana nalo ni la busara: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, na mimi siipingi. Napinga matumizi yake mabaya. Methali inakataza amri mbili kwa wakati mmoja. Haikukataza maarifa mawili. Katika majahazi yaliyokwenda Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kusi, nahodha alikuwa mmoja, lakini mshika usukani, serahangi na rubani walikuwa na maarifa yao, na nahodha aliyelala alilala kwa sababu ya maarifa hayo. Vivyo hivyo wanandoa wa yoti: aliye zamuni huamuru, na mwenziwe hutii, kisha zamu hugeuka na amri nayo hugeuka. Mrama hutoka pale ambapo amri imekwama kwa mtu mmoja, naye ama amechoka, ama anaumwa, ama hayupo.

Lipo pia jawabu la mali na hatari. Yoti ya futi 30, hata iliyo kuukuu, inapita uwezo wa watu wetu wengi, na hilo halina ubishi. Na bahari haikosi maovu ambayo maarifa hayayazuii: Oktoba 2009, mume na mke Waingereza waliotoka Shelisheli kuja Tanzania kwa yoti yao walitekwa na maharamia wa Kisomali, wakashikwa zaidi ya mwaka mzima, hata Novemba 2010. Kwa hiyo simhimizi mtu auze shamba akanunue yoti. Ninachotaka kukiazima kwa wasafiri hawa hakiuzwi dukani, nacho ni ile desturi ya kufundishana.

Sisi tunayo haja na desturi hiyo leo. Ilisemwa tangu zamani kwamba bahari ni ya wanaume, ingawa tanga la mtepe lilikuwa la mkeka, na ususi wa mikeka katika pwani hii ni kazi ya wanawake. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanzishwa kwa biashara Paje na Jambiani, maelfu ya wanawake wa Unguja na Pemba wameingia majini kila maji yanapokupwa, na pato lao limelisha nyumba na kusomesha watoto. Sasa maji ya kina kifupi yamezidi joto, mwani ulio na bei nzuri unakufa humo, na kilimo kinalazimika kusogea kwenye kina kirefu. Na kina kirefu kinataka mashua, na mashua inataka mtu ajuaye kuiendesha, na mtu huyo anataka kujua kuogelea. Mwanamke aliyeizoea bahari magotini anadaiwa leo aijue kwa usukani, na nyumbani mwake, mara nyingi, yuko mume mvuvi mwenye maarifa yote hayo ambayo hakuwahi kufikiri kumpa.

Basi kazi ianzie hapo, bila kungoja mradi wala mfadhili. Mvuvi amfundishe mkewe na binti yake kama anavyomfundisha mwanawe wa kiume: kutweka na kutua tanga, kubisha, kuhesabu bamvua na maji mafu, kujua mlango kwa rangi ya maji, kutia nanga ikashika. Kamati za wavuvi zimkubali mwanamke mwenye ujuzi huo awe mshika usukani, si mbeba ndoo. Na mafunzo yakimalizika upimwe ujuzi kwa mtihani mmoja: siku ya maji mafu na upepo mwanana, mke akitoe chombo, akibishe, akirudishe, akitie nanga, na mume akae omo muda wote asiseme neno, na kwa niwajuavyo wanaume wa pwani, atakayepata taabu zaidi katika mtihani huo si mke.