Umeme Kukatika Si Umeme Kuzimwa



Ramadhani ikikaribia, wengi wetu hupenda kupendezesha sebule. Taa ya zamani inateremshwa, mpya imenunuliwa Konyo Konyo, na baba wa nyumba anapanda kitini na bisibisi mkononi. Wengine husubiri umeme wa mji ukatike ndipo waanze, wakidhani wamepata nafasi ya salama. Sisi tunasema wazi kwamba hilo ni kosa, na kosa hilo linaweza kuacha mjane na mayatima.

Hapa Juba tuliishi kwa majenereta miaka mingi. Mwaka 2019 ukazinduliwa mtambo wa mafuta wa megawati 33, zikaja na mita za kulipia kabla, lakini jenereta hatukuzitupa, na wengine wakaongeza sola na inveta. Kwa hiyo nyumba moja ina njia mbili au tatu za umeme. Ule wa mji ukikatika, inveta huenda ikashika yenyewe ukiwa bado uko juu ya kiti. Au kijana wako, kwa nia njema kabisa, anakwenda kuwasha jenereta ili baba aone vizuri.

Basi zima vyote: swichi kuu, jenereta na inveta, na kila aliye nyumbani aambiwe. Kisha pima nyaya kwa testa ambayo umeijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme. Testa mbovu nayo husema hakuna umeme.

Swichi ya ukutani haitoshi. Katika nyumba zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, mara nyingi umeme hufika darini kwanza ndipo unashuka kwenye swichi na kurudi juu. Taa imezimwa, lakini moto uko palepale. Na waya unaorudi kutoka kwenye swichi mara nyingi ni mweusi, sawa na zile za nyutro. Anayefunga nyeusi zote pamoja kwa kuwa zinafanana, akibonyeza swichi anapata shoti.

Rangi zenyewe zinachanganya. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za majumbani mwaka 2004: nyekundu ikawa kahawia, nyeusi ikawa bluu. Taa mpya inakuja na kahawia na bluu, dari lako lina nyekundu na nyeusi. Kahawia ni ya moto, bluu ni ya nyutro, na ya kijani yenye mstari wa njano ni ya ethi. Taa ya chuma isiyo na ethi tusiipandishe hata ikiwa nzuri namna gani; afadhali ya plastiki.

Tunajua fundi anataka pesa, na mwezi huu pesa ina kazi nyingi. Lakini pesa za mapazia huwa tunazipata! Rai yetu ni hii: ukifungua darini ukakuta nyaya zaidi ya tatu, usibahatishe. Rudisha kifuniko, shuka, ita fundi umeme.

Kwetu tulikuta saba. Usiku ule tulikula kwa tochi, watoto wakanung'unika, na fundi akaja asubuhi.