Baridi isiwafungie watoto ndani

Shule zinapofungwa mwezi Juni, baridi ya Njombe, Makete na Mbeya huwa imeshika kasi. Mtoto aliyezoea kutembea kwenda shule na kucheza mpira wakati wa mapumziko anahamia kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni, simu ya mama mkononi. Wiki ya pili ikifika, nyumba imebadilika. Huyu analia kwa jambo dogo, yule halali hadi usiku wa manane, na mama naye anafoka bila kujua sababu.

Wengi husema ni utundu au uvivu. Mara nyingi ni mwili uliokosa kazi. Mtu akitembea au kucheza hadi jasho limtoke, usingizi huja kwa urahisi na mawazo mazito hupungua. Mwanga wa mchana nao huukumbusha mwili saa ya kuamka na ya kulala, na anayeshinda chumbani huukosa.

Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, lakini watoto huvishwa vizuri wakatolewa nje. Njombe mchana wa Juni bado una zaidi ya saa 11. Jua lipo, hata likiwa nyuma ya mawingu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Familia iliyoko shambani ikivuna viazi haihitaji kuambiwa hayo. Shida iko zaidi kwenye nyumba za mjini zenye geti na televisheni. Ukungu ukishapanda, tuseme saa tano asubuhi, watoto watoke: rede, kuruka kamba, kombolela, chandimu. Mzazi akiingia kwenye rede dakika kumi tu, hata kijana anayejiona mkubwa ataacha simu. Baba asitume bodaboda kununua sukari. Aende kwa miguu na mwanawe.

Hofu kubwa ya wazazi ni nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, na moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa humweka mtoto mdogo kwenye hatari zaidi. Jiko la mkaa chumbani usiku linaweza kuua familia nzima, kwa hewa isiyo na harufu. Mvishe mtoto fulana, kisha sweta atakayoivua akipata joto, na akirudi abadilishe nguo zilizolowa jasho. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu na awe na dawa yake ya kuvuta karibu.

Na pombe ya “kuondoa baridi”? Hupasha ngozi tu, huku joto la mwili likizidi kutoka.

Huzuni ikidumu wiki mbili, mtoto au mzazi akikosa hamu ya chakula na ya watu, aende kituo cha afya. Kijana akisema haoni haja ya kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.