Mnara wa Chesterfield Haukupindwa na Shetani
Ukishuka kwenye treni Chesterfield, katika mkoa wa Derbyshire nchini Uingereza, huna haja ya kuulizia kanisa la parokia. Mnara wake, uliojisokota kama pembe ya tandala, unauona palepale kituoni. Kanisa hilo la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote ni la karne ya 14. Kilele chake, kinachofika mita 69 hivi kutoka ardhini, kimejizungusha nyuzi 45 na kuinama karibu mita 3. Wenyeji humsingizia shetani. Mimi, kwa kweli, lawama ningeipeleka kwa mafundi seremala: mbao za mwaloni huenda zilipandishwa zikiwa mbichi, mihimili ya mshazari ya kuzifunga ikawa haba, halafu zikatwishwa tani zaidi ya 30 za mabati ya risasi. Mbao zikikauka hujikunja, na jua la kusini lilitanua risasi ya upande mmoja kuliko mwingine. Mabati yenyewe yamelazwa kimshazari, basi jicho huona mpindo mkubwa kuliko uliopo. Moto ulizuka kanisani Desemba 1961, mnara ukanusurika. Na mji hauoni haya hata kidogo: timu yake ya mpira hujiita Spireites, jina lililotokana na kilele hichohicho.