Mzee, usiuze kiwanja juu ya maombi ya masta

Wiki iliyopita, katika kipindi chetu cha jioni, mzee mmoja alitupigia simu kutoka hapa Beni. Yeye na jamaa yake walikimbia Goma mwanzoni mwa mwaka 2025. Binti yake alisoma usimamizi wa biashara na ana lisansi. Sasa anataka kuomba nafasi ya masta ya biashara ng'ambo, ile ya kusoma mchana kutwa na kukaa kwenye chuo chenyewe. Komisioneri mmoja amemwomba dola 500 "za kupitisha dosye". Mzee akauliza: "Nimebakiwa na kiwanja kimoja tu. Nikiuze?"

Saa ya kipindi ilikwisha kabla sijamjibu vizuri. Najibu hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Jibu langu ni hili: usiuze. Lakini pia usimkataze binti kuomba. Hayo ni mambo mawili tofauti, na makomisioneri wanaishi kwa sababu tunayachanganya.

Hakuna komisioneri anayeweza kupitisha dosye ya masta. Mwombaji anajaza fomu mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, kwa jina lake na anwani yake ya barua pepe. Wanaomshuhudia kazini wanaandikiwa na chuo na wanajibu chuo moja kwa moja. Mazungumzo ya kumpima yanafanyika kwa video, uso kwa uso. Ikiwa kuna pesa ya kuandikishwa, inalipwa kwa chuo na risiti inatoka. Vyuo vingi vinasamehe pesa hiyo kwa mtu anayeandika mapema na kueleza hali yake. Sasa ile dola 500 inaingia wapi? Inaingia mfukoni mwa komisioneri, basi.

Gharama kubwa iko mahali pengine, na wengi hawaihesabu. Ni ile maana ya kusoma mchana kutwa. Kwa Marekani, viza ya mwanafunzi inamtaka awe kwenye masomo kamili. Wakati wa masomo, anaruhusiwa kazi ndogo ndani ya chuo tu, na isizidi saa 20 kwa wiki. Kabla ya viza, lazima aonyeshe mahali pesa ya mwaka wa kwanza itakapotoka. Masta ya biashara huko, wanayoiita MBA, kwa kawaida ni miaka miwili. Vyuo vingi vya Ulaya vinaimaliza kwa mwaka mmoja hivi.

Kwa hiyo, mzee, katika muda huo wote binti hatatuma kitu nyumbani. Nimeona jamaa zikigombana juu ya jambo hili. Mtoto anafika ng'ambo, na mwezi wa pili simu zinaanza: kodi ya nyumba, minervali ya wadogo, dawa za mama. Yule mtoto anaona haya, anatafuta kazi ya kujificha, anaharibu masomo na viza pamoja. Si uvivu wala kiburi. Ni kwamba hamkuzungumza kabla hajaenda.

Ndiyo maana nasema maombi haya ni shauri la jamaa nzima. Kaeni chini, mjiulize: kwa mwaka mmoja au miwili, nani atalipa kodi? Nani atasimamia wadogo? Kama binti ndiye anayewalisha ninyi wote, na hakuna mwingine wa kushika nafasi yake, basi masomo ya jioni au ya mwisho wa wiki hapa karibu si aibu. Ni masomo pia, na mshahara wake unabaki nyumbani.

Kama mkikubaliana aombe, wekeni sharti moja: hakuna kuondoka bila bursari inayolipa masomo, chumba, chakula na safari. Bursari za namna hiyo zipo. Programu ya Mastercard Foundation inashirikiana na vyuo kama Chuo Kikuu cha Cape Town, Edinburgh, na tawi la Carnegie Mellon lililo Kigali, na inajali vijana waliohamishwa na vita. Lakini si kila chuo katika programu hiyo kinalipia masomo ya biashara, basi asome orodha vizuri. Stanford, huko Marekani, imekuwa na bursari ya MBA kwa raia wa Afrika wasio na uwezo, watu wanane tu kwa mwaka, na wanaopewa wanapaswa kurudi kufanya kazi Afrika. Watu wanane kwa bara zima! Nasema hivyo ili mtu asiombe mahali pamoja tu na kukaa akisubiri.

Kuna jambo lingine linalowapoteza wengi. Bursari ya DAFI, ile ya HCR, ni ya wakimbizi waliovuka mpaka, tena ni ya masomo ya kwanza ya chuo, si ya masta. Mtu aliyekimbia Goma akaja Beni bado yuko ndani ya nchi yake. Asivuke Kasindi kwenda Uganda eti kutafuta bursari ambayo haimhusu.

Sasa makaratasi. Diploma ya Serikali, diploma za chuo, karatasi za alama za kila mwaka. Wengi waliyaacha wakati wa kukimbia. Aliye nayo ayapige picha leo na kujitumia kwenye barua pepe yake. Pasipoti ianze mapema, maana mitihani ya Kiingereza inadai kitambulisho, mara nyingi pasipoti. Alama za TOEFL na IELTS zinadumu miaka miwili tu, basi asikimbilie kulipa kabla hajajua tarehe za vyuo. GMAT, mtihani wa masomo ya biashara, inadumu miaka mitano, na kuna vyuo visivyoidai.

Tena, neno lisansi linatuletea shida. Katika utaratibu wetu wa zamani mtu alisoma gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili: jumla mitano. Katika LMD ya sasa, na kule Ufaransa, lisansi ni miaka mitatu. Mtu wa ng'ambo akiona neno lile moja, anaweza kuhesabu miaka mitatu na kumpunguzia binti miwili aliyoitolea jasho. Aandike wazi idadi ya miaka, na aweke diploma ya gradua pia.

MBA inataka pia uzoefu wa kazi. Hapo vijana wetu wanajidharau. Nilimpigia yule mzee baada ya kipindi, nikazungumza na binti. Aliniambia hana kazi. Nikamuuliza anafanya nini mchana. Akasema anaandika hesabu za AVEC ya mama wa mtaa wao: nani ameweka akiba, nani amekopa, riba ni ngapi, nani amechelewa kwa sababu mtoto aliugua. Dada, hiyo si kazi? Mabenki ya Goma yalipofungwa baada ya M23 kuingia mwezi wa kwanza 2025, watu walijifunza haraka sana maana ya pesa isiyofikika. Mtu anayeweka akiba ya wanawake waliopoteza kila kitu, na hesabu isipotee hata franga moja, ana jambo la kueleza mbele ya chuo chochote. Aliandike kama lilivyo, asiongeze chumvi.

Na kwa wakubwa wa vyuo vyetu nina neno pia. Mwanafunzi aliyekimbia anaambiwa aje mwenyewe kwenye aparitora kuchukua karatasi za alama, katika mji ule ule alioukimbia. Mkimwambia hivyo, mnamfungia mlango ambao vita haikuufunga. Wekeni alama kwenye kompyuta, na kopi mahali pengine. Kubalini ndugu achukue kwa barua ya kumwakilisha. Jibuni barua pepe za vyuo vya ng'ambo vinapouliza kama diploma ni ya kweli. Hiyo haihitaji bajeti kubwa.

Wengine watasema: vita inaendelea, watu wanalala na njaa, na ninyi mnazungumza masta! Nawaelewa. Mimi pia ninawaona wanaolala na njaa, ninawahoji kila siku. Lakini siku amani itakaporudi, kuna mtu atakayefungua upya maduka, vyama vya akiba na viwanda vidogo. Ningependa awe mtoto wa hapa anayejua jina la kila mtaa, kuliko mgeni anayekuja kwa mkataba wa miezi sita.

Binti anaweza kukataliwa. Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, hata waliosoma kwa amani. Akikataliwa bila ninyi kuuza kitu, amepoteza muda kidogo na amejifunza. Akikataliwa baada ya kiwanja kwenda, jamaa nzima itamtazama kama mwenye deni, na yeye hakuomba deni hilo.

Kwa hiyo, mzee, tunza kiwanja chako. Mwambie yule komisioneri asante, basi. Jioni ya leo kaa na binti yako, na mama yake awepo, muzungumze juu ya ule mwaka mmoja au miwili. Mkishakubaliana, aje redioni siku ya kazi. Intaneti yetu ni ya polepole, lakini fomu ya kwanza tutaifungua pamoja, bure.