Kabla ya Somo la Kwanza la Salsa



Juma hili naacha habari nyingine, nipate kujibu barua ya baba mmoja wa Lubumbashi. Jina lake silitaji, maana yeye mwenyewe ameomba hivyo. Ana miaka 48, watoto watano, na kazi ya ofisi. Bibi yake aliona tangazo la watu wanaofundisha dansi ya salsa kila siku ya posho jioni, akalipa nafasi mbili, moja yake na moja ya bwana wake.

«Nimekataa mara mbili,» aandika baba huyo. «Mara ya tatu mke wangu hakunisihi tena. Alisema kwa upole: Basi, nitakwenda peke yangu. Tangu siku ile nyumba imenyamaza. Kwa kweli siichukii dansi. Ninaona haya. Sijui hata hatua moja, na vijana watanicheka. Tena nasikia kwamba katika somo hilo watu hubadilishana wenzi. Somo la kwanza ni siku ya posho ijayo. Nifanye nini?»

Ndugu yangu, asante kwa kusema kweli. Wanaume wengi huficha haya yao nyuma ya maneno makubwa: «Sina nafasi», «Hayo ni mambo ya vijana», «Magoti yananiuma.» Wewe umeutaja ugonjwa kwa jina lake, na ugonjwa uliotajwa waweza kupata dawa.

Ujue kwanza neno hili: somo la wanaoanza limewekwa kwa ajili ya watu wasiojua. Hakuna mtoto anayeingia darasa la kwanza akiwa amekwisha kujua kusoma, wala mwalimu hamwoni mjinga kwa sababu hiyo. Katika ukumbi ule kila mtu atakuwa anaitazama miguu yake mwenyewe na kuhesabu kwa midomo. Hatakuwa na nafasi ya kuitazama yako.

Mgeni aliye ndugu

Tena usidhani kwamba unakwenda kujifunza kitu cha mbali kabisa. Salsa ilipata jina lake na kuenea kutoka mji wa New York katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kazi ya wanamuziki wa Puerto Rico, Kuba na nchi za jirani. Huko ndiko kampuni ya santuri iitwayo Fania ilianzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco, mwanamuziki mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, pamoja na mwanasheria Jerry Masucci. Lakini mizizi mikubwa ya salsa iko Kuba, hasa katika muziki uitwao son. Na kule Kuba walipelekwa watumwa wengi kutoka Afrika, na watu wa Kongo walikuwa miongoni mwao. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1886. Watu hao walinyang'anywa kila kitu, lakini hakuna aliyeweza kuwanyang'anya mwendo wa ngoma zao.

Tangu miaka ya 1930, santuri za Kuba zilianza kuuzwa katika Afrika, zikasikika Léopoldville. Wanamuziki wetu walizisikiliza, wakatambua ndani yake sauti ya ndugu aliyekuwa amepotea. Wakaimba kwa lugha zao na kupiga magita kwa namna yao, ikazaliwa rumba ya Kongo, ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na mwezi Septemba 1974, Johnny Pacheco na wenzake wa Fania All-Stars, pamoja na mwimbaji Celia Cruz, walikuja Kinshasa wakapiga muziki katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo waitwa Tata Raphaël. Ilikuwa majuma machache kabla ya Muhammad Ali kupigana na George Foreman papo hapo. Wazee waliokuwako hawakuhitaji kufundishwa kuupenda muziki ule.

Basi wewe uliyekua ukisikia rumba nyumbani kwa baba yako, masikio yako yamekwisha kwenda shule. Imebaki miguu tu.

Hesabu ya miguu

Muziki wa salsa huhesabiwa mapigo manane. Mchezaji hupiga hatua katika pigo la 1, la 2 na la 3. Katika la 4 hutulia. Tena hupiga hatua katika la 5, la 6 na la 7. Katika la 8 hutulia. Kosa la wanaoanza ni kuogopa kule kutulia. Huona nafasi tupu, nao huharakisha kuijaza kwa hatua isiyotakiwa, na mara wamewapita wenzao.

Hatua ya msingi ni hii. Anayeongoza, katika pigo la 1, apeleke mguu wa kushoto mbele. Katika la 2, arudishe uzito wa mwili juu ya mguu wa kulia uliobaki nyuma. Katika la 3, aurudishe mguu wa kushoto mahali pake. Katika la 5, apeleke mguu wa kulia nyuma. Katika la 6, uzito urudi juu ya mguu wa kushoto. Katika la 7, mguu wa kulia urudi mahali pake. Anayefuata hufanya kama sura katika kioo: yeye huanza kwa mguu wa kulia, akiupeleka nyuma, na katika pigo la 5 hupeleka wa kushoto mbele.

Ijaribu hesabu hiyo nyumbani, dakika kumi kila jioni, bila muziki kwanza. Hesabu kwa sauti. Hatua ziwe fupi, zisipite sana urefu wa kiatu chako, kwa maana anayepiga hatua ndefu huchelewa kurudi. Baada ya siku mbili, weka muziki wa polepole, usicheze. Keti, upige makofi kwa kuhesabu. Katika muziki huo utasikia pengine vijiti viwili vya mti vikigongana, au mwendo wao ukifuatwa na vyombo vingine: mapigo matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Mwendo huo waitwa klave, nao ndio uti wa mgongo wa muziki wote. Usipousikia mara moja, usihuzunike. Wengi huusikia baada ya miezi, ghafula, kama mtu aliyefumbuliwa masikio.

Uulize pia mapema ni salsa ya namna gani inayofundishwa. Salsa ya Kuba, iitwayo kasino, huwazungusha wachezaji kama katika duara. Namna za New York na Los Angeles huwapeleka mbele na nyuma katika mstari. Tena wako walimu wanaohesabu mwendo kuanzia pigo la 2. Zote ni njema, lakini anayeanza afuate mwalimu mmoja, asichanganye mafundisho ya watu watatu. Haraka haraka haina baraka.

Viatu, nguo na usafi

Hapa nitakutolea mfano wangu mwenyewe. Nilikwenda somo langu la kwanza na viatu vya kukimbilia, vyenye soli nene ya mpira. Mwalimu alisema: «Geukeni!» Mwili wangu uligeuka, viatu vikakataa. Goti liliniuma siku tatu. Basi vaa viatu vyenye soli laini inayoteleza kidogo, ya ngozi kama unavyo, na vinavyoshika mguu vizuri. Kandambili ziache mlangoni. Mama naye asivae visigino virefu siku ya kwanza; vifupi vyenye mkanda vyamtosha, au viatu visivyo na kisigino kabisa.

Vaa nguo nyepesi, ambayo waweza kuinua mikono na kupiga hatua ndani yake bila kujitazama. Chukua chupa ya maji, leso ya kujifuta jasho, na shati la pili la kubadili katikati ya somo, kwa maana utatoka jasho kuliko unavyodhani. Oga kabla ya kwenda, lakini usijimwagie manukato mengi. Mwenzako atasimama karibu nawe, naye lazima avute pumzi. Kata kucha. Vua saa, bangili na pete yenye jiwe lililochongoka, kwa sababu mikono hupita mbele ya nyuso za watu. Kula chakula chepesi mapema, wala usinywe pombe ili kupata ushujaa. Pombe huondoa haya, lakini huondoa pia hesabu. Na kama una goti au mgongo uliopata kuumia, mwambie mwalimu kabla ya kuanza.

Kubadilishana wenzi

Sasa tuje kwenye neno lililokuuma zaidi. Ni kweli, katika masomo mengi ya pamoja mwalimu hupiga makofi na kusema: «Badilisheni!» Kila mmoja husogea nafasi moja, akajaribu hatua ile ile na mtu mwingine kwa dakika chache. Sababu yake ni ya shule. Ukicheza na mkeo peke yake, yeye atakisia unachotaka kabla hujakionyesha, nawe utadhani umejua kuongoza. Mtu asiyekuzoea hakisii. Hapo ndipo utakapojua kama mkono wako umesema wazi au umegugumia.

Katika mazoezi hayo, mara nyingi wachezaji hushikana mikono tu, katika kimo cha kiuno, na nafasi katikati yao. Wakishikana kwa karibu zaidi, mkono wa kulia wa anayeongoza hukaa juu mgongoni, nyuma ya bega. Mkono wa kushoto wa anayefuata hukaa juu ya bega au mkono wa mwenzake. Mkono ukishuka kutoka hapo, aliyeshikwa ana haki ya kusema: «Hapana,» na mwalimu mwema atamtetea. Mkeo ana ulimi wa kusema neno hilo, mwamini. Na wewe nawe, uwashike wake wa watu kama unavyotaka mkeo ashikwe. Usibane vidole vyao wala usiwavute. Mkono mwepesi huongoza kuliko mkono wenye nguvu. Msalimu kila mwenzi anapofika, na umshukuru anapoondoka.

Na kama hata hivyo hamtaki kubadilishana siku ya kwanza, mwendeeni mwalimu kabla ya somo, mwambieni kwa adabu kwamba mtakaa pamoja. Wako wengi wanaokubali. Lakini neno hilo mliamue nyinyi wawili. Usiliamue peke yako, kisha umpelekee mkeo kama amri.

Jambo gumu kuliko hatua

Nimewaona watu wengi wakianza dansi, nami nakuambia kwamba hatari kubwa haiko kwa wageni. Iko kati ya mume na mke. Mgeni akikukanyaga, husema: «Samahani,» nanyi mwacheka. Mke akikosea, mume husema: «Nimekuambia mara ngapi?» Mume akikosea, mke hugeuza macho. Kila mmoja ataka kuwa mwalimu wa mwenzake, na wote wawili ni wanafunzi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kwa hiyo wekeni agano dogo kabla ya kutoka nyumbani: siku hiyo, kazi ya kusahihisha ni ya mwalimu peke yake. Mkipotea katika hesabu, simameni, sikilizeni pigo la 1, mkaanze tena. Msirudi nyumbani mkihesabu makosa ya mwenzenu njiani. Fikeni robo saa mapema, mjijulishe kwa mwalimu, mchague mahali pa kuona miguu yake. Kuuliza si ujinga. Na baada ya somo, msiamue siku ile ile kama mtaendelea au mtaacha. Siku ya kwanza kichwa hujaa na miguu husahau. Siku ya tatu hivi viwili huanza kupatana. Jipeni angalau masomo manne.

Sasa, ndugu yangu, nakurudia wewe. Umeniuliza ufanye nini siku ya posho ijayo. Mimi nakuambia, kazi yako yaanza leo jioni. Mwendee bibi yako, usimpe hotuba. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: «Sikukataa kwa sababu yako. Niliona haya, kwa kuwa sijui. Kama nafasi yangu ingaliko, tutakwenda pamoja.» Maneno hayo ni magumu kuliko hatua zote za salsa. Lakini mama huyu hakutaka mchezaji hodari. Wako wengi mjini kama angewataka. Alitaka mtu mmoja akubali kutojua pamoja naye.

Wala usiende kwa nia ya kumlinda, ukikaa ukutani na kuhesabu wanaomshika mkono. Ukienda hivyo, afadhali ubaki nyumbani. Nenda ukajifunze. Ukikanyaga, omba radhi. Wakicheka, cheka nao. Haya ikichekwa na mwenyewe hupungua nguvu. Wazee husema, mcheza kwao hutunzwa. Muziki ule ulitoka kwetu kwa machozi, ukavuka bahari, ukarudi ukiwa na jina jingine. Mkongo anayejifunza hatua zake katika miaka 48 hajachelewa. Anampokea ndugu.

Tuandikie tena baada ya somo, utuambie nyumba imesema nini.