Andika jina la mama yake shosho

Wasee, huu mtindo wa kuchora mti wa familia na kuuposti naupenda sana. Lakini hebu iangalie vizuri hiyo miti. Juu kabisa kuna babu mmoja, chini yake wanaume, chini yao wanaume tena. Wanawake wameandikwa "mke wa fulani", na wengine hawapo kabisa, utadhani hao wazee walizaana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nasema mti kama huo haujaisha. Na kwetu Kasigau, kuuacha hivyo kunatunyima historia na kunawanyima watu mashamba.

Acha nianzie mbali kidogo. Shakespeare mnamjua, wengine mlimsoma kwa kulazimishwa. Alikuwa na mke, Anne Hathaway. Uingereza ilikuwa imeamuru makanisa yaandike ubatizo, ndoa na mazishi tangu 1538, kwa hivyo ungedhani mwanamke wa kule anapatikana kwa dakika tano. Wapi! Daftari la kanisa la Stratford linaanza 1558, na Anne alikuwa tayari amezaliwa. Umri wake tunaupata kaburini: alikufa 1623 akiwa na miaka 67. Wosia wa baba yake wa 1581 unamwita Agnes. Halafu Novemba 1582, wakati wa ndoa, karatasi moja inasema Anne Whateley na nyingine, ya siku iliyofuata, inasema Anne Hathwey. Watu wamebishana miaka na miaka kama hao ni wanawake wawili ama ni karani alichanganya majina.

Mnaona hapo? Huyo ni mke wa mwandishi maarufu kuliko wote wa Kiingereza, kwenye nchi yenye madaftari, na bado unamfuata kupitia makaratasi ya wanaume: baba akigawa mali, bwana akitafuta kibali cha kuoa. Ukitafuta jina lake peke yake, unapotea.

Sasa rudi huku. Serikali ya kikoloni nayo iliandika sana, lakini ilikuwa inaandika nini? Pesa na wafanyakazi. Kodi ya nyumba ilihesabu nyumba, kwa hivyo mzee mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Nyanya zetu waliingia kwa vitabu kama mapaa ya nyasi. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na kipande chenyewe kilikuwa cha wanaume. Hata baada ya uhuru, ilibidi tungoje mpaka 1978 ndio sheria ya usajili ibadilishwe wanawake pia wapate kitambulisho. Kwa hivyo shosho mwingi wa Taita amelima, amezaa na amezika watu kabla serikali haijaandika jina lake popote.

Kasigau tuna jeraha letu juu ya hilo. Agosti 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakavamia kambi ya Waingereza hapa mlimani. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliwasaidia adui. Vijiji vikachomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu mpaka Malindi, wazee kwa watoto. Watu wa mlimani walishushwa kwenye joto la pwani, na malaria na njaa vikawamaliza wengi. Waliobaki walikuja kuruhusiwa kurudi miaka ya 1930. Hesabu hiyo: mtoto aliyeondoka akiwa amebebwa mgongoni alirudi akiwa mtu mzima, na pengine wale ambao wangemtajia majina ya kwao walizikwa huko.

Nilikaa na shosho wangu Rukanga nikiwa na simu na daftari. Upande wa kina babu alinitajia majina sita bila kupumua. Nikamuuliza, "Na mama yako?" Akasema Wakesho. "Na mama yake Wakesho?" Akanyamaza, akasema, "Huyo ni yule wa Malindi." Ndio jina lililobaki. Familia nzima inajua alibaki Malindi, na hakuna anayejua aliitwa nani.

Najua mtaniambia nini kwa komenti. "Sisi ukoo hufuata baba, wacha mambo ya wazungu." Sawa, ukoo ufuate baba. Lakini wazee haohao, kijana akitaka kuoa, ndio wa kwanza kuuliza mama ya msichana ni wa kwa nani, ndugu wasije wakaoana. Vijiji vyetu kuzunguka mlima vinahesabika kwa vidole: Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi, Kiteghe. Hapo bila kujua upande wa kina mama huwezi kuwa na uhakika. Kwa hivyo hii elimu ni yetu, imekuwepo siku zote. Shida ni kwamba tunaitumia kwa harusi, halafu wakati wa kuandika tunaisahau.

Na kuna mahali ambapo kusahau ni biashara. Mtu akifa akiacha shamba, familia huenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja walioachwa nyuma, na barua hiyo ndiyo huenda nayo mahakamani. Hiyo barua ni mti wa familia wenye muhuri. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Katiba ya 2010 nayo inakataza ubaguzi. Lakini jina lisipotajwa kwa chifu, hiyo sheria itamsaidiaje? Binti aliyeolewa Voi au Mombasa anakuja kusikia shamba lilishagawanywa. Watoto wake wakiuliza, wanaambiwa nyinyi ni wa kwa baba yenu. Kizazi kimoja tu, na hakuna anayekumbuka kwamba marehemu alikuwa na binti.

Ndio maana naona kazi hii ni ya vijana. Sisi ndio tuna simu, na wazee wengi bado wako. Ukienda ushago, fanya hivi. Omba ruhusa kwanza ya kurekodi. Anza na mama, mama yake, na mama ya huyo. Uliza kila mmoja majina yake yote: la nyumbani, la ubatizo na lile alilopewa kwa ndoa, kwa sababu "Grace" wa kanisani na "Wakio" wa nyumbani anaweza kuwa mtu mmoja, kama Agnes na Anne. Uliza alizaliwa kijiji gani. Usiulize mwaka, uliza kama ilikuwa kabla ama baada ya watu kurudi kutoka Malindi. Uliza kapewa jina la nani, maana familia nyingi hurithisha majina ya nyanya, na jina la mjukuu linaweza kukurudishia la mwenyewe. Halafu rudia maswali yaleyale kwa mzee mwingine wa upande tofauti. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Mti wangu bado una nafasi moja tupu, na sijaijaza kwa kubahatisha. Nimeandika "mama yake Wakesho, alihamishwa 1915, alizikwa Malindi." Kuna wazee wawili Bungule ambao sijawafikia, na naenda. Na wewe, kabla hujaposti mti wako, jaribu kitu kimoja: taja jina la mama yake shosho wako. Kama huwezi, mpigie simu leo jioni.