Mazoezi ya kupumua hayachukui nafasi ya inhela

Kiangazi kikikolea hapa Nsemulwa, vumbi la barabarani na moshi wa mkaa huwasumbua sana watoto wenye pumu. Mzazi, je, mazoezi ya misuli ya kupumua yatamsaidia mwanao?

Kuyafanya ni rahisi. Alale chali, mkono juu ya tumbo. Avute hewa kwa pua hadi tumbo lipande, kisha aitoe taratibu kwa mdomo kama anayepuliza uji wa moto. Dakika tano zinatosha, siku akiwa mzima. Akisikia kizunguzungu, apumzike.

Ila usiyategemee kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane walipata tafiti tatu tu, zenye watoto 112, wakashindwa kusema kama yanafaa. Pumu huvimbisha na kubana njia za hewa, na msuli wenye nguvu hauzifungui. Dawa ya kila siku aliyoandikiwa iendelee hata akiwa hakohoi.

Akibanwa, acha mazoezi. Mkalishe, mpe inhela yake ya dharura. Kwa watoto wengi dawa huishia mdomoni, na kopo la kuvutia dawa ni ghali. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake, Afrika Kusini, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, hufanya kazi hiyo hiyo. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Mbavu zikizama, akishindwa kuongea, au midomo ikiwa ya bluu au kijivu, usisubiri kuche. Ita bodaboda, mkimbizeni hospitali, na inhela mwende nayo.